Kiu ya Mawe ya El Barre

Tarbaj, 9 Septemba 1966

Kwa Arbia, binti wa dada yangu Muslimo, Eastleigh, Nairobi

Abti,

Assalamu alaikum. Mimi mjomba wako mzima, mke wangu Mama Ebla mzima, na mdomo wake mzima kuliko sisi sote. Usishangae kuona nakuandikia Kiswahili kama karani wa Mombasa. Lugha yetu bado haina herufi zake, na nikiandika Kiarabu bwana anayefungua barua hapa kambini atadhani napanga vita. Basi natumia hiki nilichofundishwa na sajini zamani, nilipokuwa dubas, askari wa kilemba chekundu wa Mwingereza. Sajini yule alifundisha kwa fimbo. Maneno niliyapata, fimbo nilizipata zaidi.

Salamu na kwako pia, bwana Mfungua Barua. Najua unasoma, na usitafute siri katika neno Abti: kwetu mjomba na mpwa wake huitana hivyo. Ukimaliza funga vizuri na unawe mikono kwanza, maana barua iliyopita ilimfikia binti yangu inanuka samaki wa mkebe.

Sasa neno lenyewe. Unajua tumewekwa ndani ya seng'enge, sisi na mbuzi na kuku wa jirani. Tunaambiwa ni kutulinda na shifta, wale waasi wa bunduki. Mimi nikitoka nje ya waya kumfuata ngamia wangu, shifta nimekuwa mimi, kwa hiyo nalindwa na mimi mwenyewe. Ngamia waliobaki wanachungwa mahali jicho la askari linapofika, miti ya hapo imekwisha zamani. Maji tunapewa ya lori, kwa debe, kama wagonjwa wa tumbo. Na El Barre, kisima chetu, iko palepale, mwendo wa asubuhi moja, maji yake matamu, na kuifikia ni marufuku.

Hayo nimeyameza. Sikuyatafuna, lakini nimeyameza. Ambalo halipiti kooni ni hili: lori linakwenda El Barre, na haliendi kuteka maji. Linakwenda kuvunja mawe.

Unayakumbuka yale mawe mviringo mdomoni mwa kisima, yamekaa kama vichwa vya watu waliojifunika blanketi? Ulipokuwa mdogo uliyapanda ukaanguka ukapasua paji la uso. Babu yangu Barre alipochimba kisima kile alipita katikati ya mawe hayo, na tangu siku ile hayo ndiyo shingo ya kisima. Juu yake mchanga, chini yake mchanga, wao wapo katikati wamekaza. Sasa watu wa nyundo wanayavunja kwa ajili ya kokoto, waweke sakafu nyumba ya askari. Yakiisha, mchanga utaingia wote, na kisima kitakufa na jina la babu ndani yake.

Nilikwenda kwa bwana wa kambi. Nikamwambia, "Bwana, yale si mawe ya kuokota. Ni shingo ya kisima."

Akasema, "Mzee, mawe ni mawe."

Nikamwambia, "Na bwana ni bwana, lakini yuko mwenye faida na yuko wa kujaza nafasi." Nilitolewa nje na askari wawili, mmoja alikuwa anacheka.

Wewe unafanya kazi katika afisi ya mawe ya serikali, unapiga taipureta. Nimempa Hared, dereva wa lori la unga, kipande kimoja nilichookota penye kokoto za nyumba ya askari, akuletee. Ukikitazama ndani utaona kimepangwa kama mikate ya anjera iliyolundikwa sahanini, mmoja juu ya mwingine. Muulize bwana wako wa kazi: kwa sheria za nchi hii, kuna jiwe lenye haki? Kama liko, na litafutwe haraka.

Wako Abti,
Guleid


Nairobi, 3 Oktoba 1966

Abti mpendwa,

Wa alaikum salaam. Jiwe limefika, na tafadhali usimchokoze tena anayefungua barua. Bahasha yako ilifika imebandikwa gundi nyingi mpaka nikaikata kwa kisu. Nadhani alikuwa anakujibu.

Niliweka jiwe juu ya meza ya bwana wangu, yule mtaalamu mzee. Alikuwa anakunywa chai, akaiacha ikapoa. Alilipeleka kwenye msumeno, wakalikata, kisha wakasugua kipande kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Akaniita nitazame kwenye darubini. Abti, ni mistari, myembamba na myembamba zaidi, imejikunja pamoja kama vitambaa vilivyokunjwa na mtu mwenye subira.

Ameniambia haya, na nimeyapiga chapa mwenyewe katika ripoti, kwa hiyo nayajua kidogo. Jiwe lile lilijengwa. Zamani sana, kabla ya mtu na kabla ya ngamia, Tarbaj yote ilikuwa chini ya bahari ya kina kifupi. Ndani yake waliishi viumbe wadogo mno, jicho haliwaoni, lakini wakiwa wengi wanaonekana kama ute wa kijani. Chakula chao ni mwanga wa jua. Wananata, kwa hiyo vumbi la majini likipita linawagandia. Likiwafunika, wanapanda juu yake kulitafuta jua tena, na pale chini wanaacha tabaka. Kesho tena. Hivyo hivyo mpaka tope likawa kilima, na kilima kikawa jiwe. Jamaa zao wa kale zaidi, anasema, ndio walioitia dunia hewa hii tunayovuta. Kabla yao hewa haikuwa ya kuvutwa na mtu.

Unakumbuka ule utelezi wa kijani Mama Ebla aliokuwa akiusugua kwenye hori la kunyweshea ngamia? Bwana anasema huo ni ukoo mmoja nao.

Anataka kujua mahali hasa na kama mawe mengine yamebaki. Akisema ni ya thamani, huenda akaandika kwa wakubwa. Sikuahidi kitu, Abti. Mimi mpiga chapa tu, nikivuka mstari nitafukuzwa, na Mama anategemea mshahara huu.

Mwanao,
Arbia


Tarbaj, 24 Oktoba 1966

Abti,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikiwa nimekaa, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira.

Miaka yote niliswali juu ya jiwe moja la El Barre, lile bapa kidogo. Baba yangu aliswali palepale. Leo binti niliyembeba mgongoni ananiandikia kwamba paji la uso wangu limekuwa likigusa kamasi. Nilimuuliza Maalim Kulow. Akasema kila chenye uhai kimeumbwa kwa maji, na kwamba mwenye kuumba hakutuomba ushauri juu ya sura. Sawa, kwake yeye ni rahisi, yeye anaswali kwenye mkeka.

Halafu bahari. Tarbaj ilikuwa bahari, na mimi nasimama foleni na debe. Mwambie bwana wako aandike hivyo kwenye ripoti yake, kwa herufi kubwa: bahari ilikuwapo, imekwenda wapi, nani alitia sahihi.

Lakini lililonikaa moyoni ni hewa. Kumbe ute ule ndio uliotupa pumzi, na haukumwuliza mtu kabila lake wala kibali chake. Ulikaa juani, ukafanya kazi, ukanyamaza. Basi nikaona ni aibu kuusugua. Nikamkataza Ebla asiguse tena hori letu hapa kambini. Nikamwambia, "Acha, hao wanajenga."

Akasema, "Wanajenga nini?"

Nikasema, "Jiwe."

"Litaisha lini?"

"Mungu anajua. Bwana wa Nairobi anasema ni muda mrefu kidogo."

Alinitazama kama anavyotazama mbuzi aliyekula sabuni. Akasema, "Guleid, wewe hukumaliza hata ule ua ulioanza kabla ya Uhuru, leo unasimamia ujenzi wa ute?"

Siku chache baadaye mbuzi wote waliharisha, na wa jirani pia, maana wananyemelea hori letu. Jirani alikuja mlangoni. Nilimweleza habari za bahari. Hakuwa mtu wa elimu.

Ebla amesugua hori kwa majivu na mchanga, huku akisema mambo juu ya ukoo wako wa kwa mama. Kwa hiyo ujenzi umesimama.

Sasa sikiliza. Mawe upande wa mashariki wa kisima yamekwisha. Hared alipita na lori lake akaona mchanga umeanza kutiririka ndani. Hapa kambini

*(mistari mitatu imepakwa wino mweusi)*

na mtoto akazikwa bila maji ya kutosha kumwosha. Mfungua Barua, nimekuona unavyoshika ile brashi ya wino. Futa. Uliyoyafuta umeyasoma, na yako ndani yako sasa.

Abti, mwambie bwana wako mahali ni El Barre na mawe mengine yamebaki, lakini akichelewa atakuta sakafu.

Guleid


Tarbaj, 2 Desemba 1966

Kwa Arbia

Mimi ni Ebla, mke wa mjomba wako. Sijui kuandika. Anaandika huyu huyu anayefungua barua, nimemkalia dirishani tangu asubuhi nikamwambia sitoki. Nimemwambia aandike kila neno ninalosema. Mwandishi, umeandika hilo? Andika. Na hilo pia.

Mjomba wako amechukuliwa. Alitoka asubuhi na ngamia, akawaacha ngamia, akaenda El Barre peke yake na birika la chai. Watu wa nyundo walipofika walimkuta amekaa juu ya jiwe lake la kuswalia, anakunywa. Wakamwambia ondoka. Akasema, "Nawalinda hawa wadogo, wamelala." Wakamwambia hakuna mtu hapo. Akasema, "Hilo ndilo mlilosema pia juu yetu." Wakamwita askari. Amepelekwa Garissa, kosa lake ni kutembea mahali palipokatazwa. Mahali hapo ni kisima cha babu yake. Mwandishi, weka mstari chini ya maneno hayo. Ameweka.

Ngamia wawili hawakurudi. Nimeambiwa walipigwa risasi kwa sababu walikuwa nje ya mpaka. Ngamia hasomi. Mwandishi anasema sehemu hii ataifuta baadaye. Nimemwambia afute akiwa ananitazama usoni. Hajafuta.

Wewe binti wa taipureta, fanya kitu. Usiniandikie habari za ute.

Ebla

*(Chini yake, kwa mwandiko uleule:)* Nimeandika nilivyoambiwa, isipokuwa majina aliyoniita, ambayo hayana faida kwa msomaji. Karani.


Nairobi, 22 Desemba 1966

Kwa Abti Guleid, mahabusu, Garissa

Abti yangu,

Nimelia, halafu nikapiga chapa. Nilipopata barua ya Mama Ebla niliingia kwa bwana bila kubisha hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamwambia mawe yake yanavunjwa na mjomba wangu amefungwa kwa kuyakalia. La mjomba alisema ni la siasa, yeye hagusi. La mawe lilimtoa jasho. Akaandika kwa wakubwa siku ileile, nao wamekubali.

Abti, umeshinda. Mawe ya El Barre yatahifadhiwa. Nyundo zimesimamishwa. Amri niliipiga chapa mimi, kwa vidole vyangu, na nilikuwa na furaha mpaka nikakosea tarehe. Inasema mahali pale patazungushiwa uzio, patawekwa kibao na mlinzi, na *mtu yeyote asikaribie, asiguse, wala asichukue kitu chochote kilicho ndani ya uzio.* Hakuna atakayevunja tena shingo ya kisima cha babu.

Ukitoka nenda ukatazame.

Arbia


Tarbaj, 1 Februari 1967

Abti,

Nimetoka. Garissa nilikaa chumba kimoja na watu wengi wema na chawa wengi wabaya. Barua yako mfungwa mwenzangu mwenye miwani aliwasomea wote kwa sauti, chumba kizima kikafurahi. Walisema, "Mzee, una mtu mkubwa Nairobi." Nikasema ndiyo, na bado hajaolewa. Usikasirike, nilikuwa na furaha.

Hared alinibeba kunirudisha. Nikamwomba apitie El Barre nikatazame ushindi wangu.

Nimeutazama. Umezungushiwa seng'enge, Abti. Seng'enge mpya inayong'aa, bora kuliko hii tuliyofungiwa sisi, nguzo zake za chuma, zetu za miti. Kuna kibao cha Kiingereza na Kiswahili. Na kuna askari mwenye kofia, amekaa chini ya turubai. Kisima kiko ndani, pamoja na mawe.

Nikamwambia, "Kijana, fungua, ninywe maji ya babu yangu."

Akasema, "Mzee, hapa haingii mtu. Mawe haya ni ya kale sana."

Nikasema, "Mimi pia si wa jana."

"Una karatasi?"

"Mawe yana karatasi?"

Akanionyesha. Yanayo. Tena imepigwa mhuri. Nikasoma maneno yako mwenyewe: asikaribie, asiguse, asichukue. Nikamuuliza, "Na maji?"

"Maji ni kitu," akasema, "na kiko ndani ya uzio."

Nilikaa chini pale njiani nikacheka mpaka Hared akaniogopea. Halafu sikucheka tena. Nieleze wewe uliyesoma. Tope lilikaa mahali pamoja, likajilimbikiza, halikumdhuru mtu, likapewa mlinzi na kivuli. Sisi tulikaa mahali hapohapo, tukachimba, tukazika wazee wetu, tukaambiwa sisi ni wapita njia. Tope lina haki ya kuzaliwa hapa. Guleid hana. Serikali imewaona viumbe ambao jicho haliwaoni, na sisi tunaosimama foleni mchana kutwa mbele ya dirisha lake haijatuona. Bwana wako anatazama jiwe jembamba anaona bahari. Na anikate mimi, anisugue, atazame mwangani. Ataona kiangazi kimoja juu ya kingine, na katikati mistari miwili mitatu ya mvua, na hapo juu kabisa seng'enge.

Sikulaumu. Uliandika ulichoambiwa. Hata mimi nilipokuwa dubas nilisoma amri nyingi mbele za watu bila kusikia nilichokisoma.

Lakini nimeona jambo lingine, na hili ni la kitaalamu, kwa hiyo soma kwa utulivu. Askari yule hajui kuteka. Kile kisima si cha bomba, lazima mtu ashuke na kukanyaga mahali panapofaa. Maji yake ya kunywa analetewa na lori, na mchanga unazidi kushuka upande ule uliovunjwa, hakuna wa kuutoa. Nikayatazama mawe. Yamekauka, Abti, yamepauka kama midomo ya mgonjwa. Zamani tulipokuwa tukinywesha ngamia maji yalimwagika, yakapita juu ya mawe, nayo mawe yakapata utelezi kidogo na rangi. Sasa hayapati tone.

Ndipo nikawaza: ikiwa viumbe wale wanaishi kwa maji na jua, na jua wanalo tele, je, serikali imewawekea maji? Au imewafungia kama ilivyotufungia sisi, ikasahau kwamba waliofungiwa wana koo?

Mimi si mtaalamu. Mimi si mtu wa kuomba karatasi za uongo, bwana Mfungua Barua ni shahidi yangu, anaijua tabia yangu ukurasa kwa ukurasa. Nauliza tu, kwa faida ya elimu. Jiwe kama hilo, lenye mhuri, halihitaji kunyweshwa? Na kama linahitaji, ananyweshaje mtu asiyejua kisima? Na je, afisi inajua kwamba mwenye kukijua kisima yupo, ana ndoo ya ngozi, ana ngamia wachache wa kubebea, na ana mke anayejua kusugua hori kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Liboi?

Muulize bwana wako. Nitasubiri jibu lake, au jibu la afisi yake. Kwangu mimi yote ni mamoja.

Guleid


Nairobi, 20 Februari 1967

Abti,

Nilisoma barua yako afisini, nikaenda kuisoma tena chooni nikiwa nimefunga mlango. Neno lile *mtu yeyote*. Nililipiga chapa nikaona watu wa nyundo tu. Sikukuona wewe. Nimelala nalo siku nyingi.

Nilimuuliza bwana swali lako la kitaalamu. Alicheka mpaka akavua miwani. Amesema swali ni zuri kuliko anayoulizwa na wanafunzi wake. Jibu lake la mdomo lilikuwa refu na siwezi kuliandika lote hapa. Jibu la afisi limo ndani ya bahasha hii, nimelipiga chapa mwenyewe. Siku ile karatasi za kutiwa sahihi zilikuwa nyingi, na bwana alikuwa na haraka ya kuwahi gari moshi la Mombasa, anakwenda likizo.

Mama anakusalimu. Nimemwambia huenda nikatafuta kazi nyingine siku zijazo. Ameniuliza kwa nini, nikasema nimechoka na mawe. Si kweli. Ni sasa ndipo nimeanza kuyapenda.

Mwanao,
Arbia

*(Ndani ya bahasha, karatasi ya afisi yenye mhuri:)*

KWA MLINZI WA MAWE, EL BARRE

Yahusu: Unyweshaji wa Mawe

1. Mawe yaliyohifadhiwa El Barre yamwagiwe maji mara kwa mara, kiangazi na masika.

2. Maji ya lori yasitumike, kwa kuwa yana dawa. Yatekwe katika kisima kilichomo ndani ya uzio.

3. Mchanga ulioingia kisimani uondolewe kwanza, na upande uliovunjwa ujengwe tena kwa namna ya asili.

4. Kazi hii itafanywa na Guleid wa ukoo wa Barre, Mnyweshaji. Ataruhusiwa kupita lango la kambi na la uzio pamoja na ngamia, ndoo na kamba zake. Atasaidiwa na Bi. Ebla, Mtaalamu wa Hori.

5. Maji yatakayobaki baada ya mawe kutosheka yasimwagwe ovyo. Wapewe wanyama na watu walio karibu.

6. Mnyweshaji ndiye atakayeamua mawe yametosheka lini.

*(Nyuma ya bahasha, kwa penseli, mwandiko wa kambini Tarbaj:)*

Imefunguliwa. Imesomwa mara mbili. Hakuna cha kufuta.

Mzee Guleid, lango litakuwa wazi alfajiri. Usiyacheleweshe mawe.